Kupima e/m kwa mwali wa elektroni au kwa leza: kipi kitangulie katika maabara za Nyanda za Juu Kusini

Bajeti ya maabara ikiruhusu kifaa kimoja tu cha fizikia ya kisasa, viko viwili vinavyostahili kushindanishwa. Cha kwanza ni tyubu ya mwali wa elektroni: tufe la kioo lenye gesi kidogo sana, limewekwa kati ya koili mbili kubwa, na ndani yake elektroni zinachora duara la mwanga hafifu. Cha pili ni leza inayopita kwenye fimbo ya kioo kizito iliyo ndani ya koili ndefu. Ukiwasha mkondo wa koili, mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unageuka kidogo.

Vyote viwili vinaelekea kwenye namba ileile, yaani uwiano wa chaji ya elektroni kwa masi yake, e/m, ambao ni 1.7588 × 10¹¹ C/kg. Hata kihistoria vilikwenda sambamba. Michael Faraday aliona sumaku ikigeuza mtetemo wa mwanga ndani ya kioo kizito mwaka 1845, London. Pieter Zeeman alipoona mistari ya mwanga ikipanuka ndani ya uga sumaku mwaka 1896, yeye na Hendrik Lorentz walipata kutoka kwenye mwanga huo makadirio ya e/m. Mwaka uliofuata, 1897, J. J. Thomson aliipima kwa miali ya kathodi huko Cambridge, na mwaka huohuo Henri Becquerel akatoa fomula inayounganisha mgeuko wa Faraday na e/m. Kwa hiyo mwalimu wa kidato cha sita Iringa anayeuliza aanze na mwanga au na elektroni anauliza swali lenye uzito.

Msimamo tuuweke wazi mapema. Kama unataka namba itoke sahihi, tyubu ya elektroni haina mpinzani hapa. Kama unataka kifaa kitakachodumu miaka, kinachorekebishika na fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, na kinachomfundisha mwanafunzi mambo mengi zaidi, leza na kioo kitangulie. Kwa shule nyingi za ukanda huu tunapendekeza leza, kwa sababu zinazofuata.

Nini hasa kinapimwa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, maana katalogi huandika "e/m" kwa vifaa vyote viwili.

Kwenye tyubu, elektroni inaharakishwa kwa volti V, kisha uga sumaku B unaipinda kwenye duara lenye nusu kipenyo r. Hesabu ni e/m = 2V ÷ (B²r²). Hakuna maada nyingine inayoingia katikati. Ukisoma vizuri, unapata jibu.

Kwenye kioo, pembe ya mgeuko ni θ = 𝒱 × B × L, ambapo L ni urefu wa kioo na 𝒱 ni kigezo cha Verdet cha kioo hicho, yaani radiani ambazo kioo hugeuza mwanga kwa kila tesla ya uga na kila mita ya urefu, rad/(T·m). Fomula ya Becquerel inasema 𝒱 = (e/2mc) × λ × dn/dλ. Tumia c (kasi ya mwanga), urefu wa wimbi λ, na jinsi fahirisi ya mpindo n, yaani kiasi ambacho kioo hupinda mwanga, inavyobadilika kwa rangi, kisha e/m inatoka. Tatizo ni kwamba fomula hii inaiona maada kama elektroni zilizofungwa kwa springi rahisi. Maada halisi haiko hivyo. Chukua kioo cha risasi, yaani kioo kizito chenye madini ya risasi ndani yake, cha aina ya SF57: kwa mwanga mwekundu, λ × dn/dλ ni takriban 0.085, hivyo fomula inatabiri 𝒱 ya kama 25 rad/(T·m). Kinachopimwa mezani huwa kati ya 20 na 23. Ukigeuza hesabu, e/m yako itatoka 1.4 hadi 1.6 × 10¹¹. Kwa maji hali ni mbaya zaidi: fomula inatabiri kama 5.6 kwa mwanga wa njano wa 589 nm, wakati thamani halisi ni 3.8. Upungufu wa theluthi nzima, na mwanafunzi hajakosea chochote.

Mwalimu asiyejua hili atamlaumu mwanafunzi, atalaumu leza, halafu atalaumu koili. Kumbe pengo hilo ndilo somo lenyewe: linaonyesha kioo kinatofautiana kiasi gani na modeli. Ila kama mtihani wako wa vitendo unadai jibu ndani ya asilimia 5 ya thamani ya kitabu, usichague kioo.

Angalizo kwa wanaouziwa fuwele ya TGG (terbium gallium garnet) kwa sababu "inageuza zaidi". Ni kweli inageuza sana, kama −134 rad/(T·m) kwa 632.8 nm, mara sita ya kioo cha risasi. Lakini nguvu hiyo inatoka kwenye ioni za terbiamu zenye usumaku wa kwao, na alama ya kutoa inaonyesha mgeuko uko upande wa pili. Fomula ya Becquerel haifanyi kazi kabisa hapo. TGG ni nzuri kwa kutengeneza kizuizi cha mwanga unaorudi, ile valvu ya njia moja inayolinda leza. Kwa e/m haifai.

Tyubu ya elektroni mezani

Seti ya kawaida ina koili mbili za Helmholtz zenye mizunguko 130 kila moja, nusu kipenyo cha sentimita 15, na umbali wa sentimita 15 kati yake. Uga katikati ni B = 0.7155 × μ₀ × N × I ÷ R, ambapo N ni mizunguko ya koili moja, I ni mkondo, R ni nusu kipenyo cha koili na μ₀ ni namba maalumu ya sumaku iliyo vitabuni, na kwa namba hizo unapata 0.779 mT kwa kila ampea. Ukiweka volti 200 kwenye anodi na ampea 1.3 kwenye koili, duara linakuwa na nusu kipenyo cha sentimita 4.7. Namba hizi zitumie kama kipimo cha haraka siku kifaa kinapofika: kama duara liko mbali sana na hapo, koili moja imeungwa kinyume au mita yako inadanganya.

Mpangilio wa kuwasha una maana kubwa kwa maisha ya tyubu. Hita ya volti 6.3 iwashwe kwanza, isubiriwe dakika mbili au tatu kathodi ipate moto, ndipo volti za anodi zipandishwe polepole hadi 150, kisha 200. Wakati wa kuzima, anza na anodi. Anayepandisha volti 300 wakati kathodi bado baridi anaibandua tabaka inayotoa elektroni, na mwali unafifia mwezi hadi mwezi mpaka hauonekani hata gizani. Tyubu ikifika hapo haina dawa. Hakuna fundi Mbeya, wala Dar es Salaam, atakayeifungua, kubadilisha kathodi, kutoa hewa na kurudisha gesi kwa presha inayotakiwa. Inaagizwa mpya kutoka nje, na bei ya tyubu peke yake ni mamia ya dola au zaidi.

Kosa linaloharibu matokeo zaidi ni kusoma nusu kipenyo. Kosa la milimita 1 kwenye milimita 45 ni asilimia 2.2, na kwa kuwa r iko kwenye kipeo cha pili, e/m inakosewa kwa asilimia 4.4. Weka rula yenye kioo cha kujitazamia nyuma ya tyubu, funga jicho moja, panga mwali na taswira yake hadi ziwe mstari mmoja, ndipo usome. Soma ukingo wa nje wa duara. Elektroni zinazogonga atomi za gesi hupoteza nishati na kuzunguka duara dogo zaidi, hivyo ukingo wa ndani unakuletea r ndogo na e/m kubwa kupita kiasi. Mwali ukijisokota kama springi badala ya kufunga duara, tyubu imekaa upande. Izungushe kidogo kwenye kishikizo chake hadi duara lifunge.

Kosa la pili ni uga wa dunia. Ukanda wetu una takriban 0.03 mT. Ukilinganisha na 1 mT ya koili ni asilimia 3, na kwenye e/m inakuwa asilimia 6. Wengi hupuuza jambo hili kisha wanashangaa kwa nini majibu yote yameegemea upande mmoja. Dawa ya kwanza ni kuelekeza mhimili wa koili mashariki-magharibi. Dira ya kawaida inatosha, lakini ipime palepale mezani: nondo za zege na mawe ya volkano yaliyotumika kwenye misingi mingi ya Rungwe na Mbeya hupotosha dira ndani ya chumba. Dawa iliyo bora zaidi ni ya grafu. Chora mkondo I dhidi ya √V ÷ r. Mstari utakuwa mnyoofu wenye mteremko wa karibu 0.0043, na hautapita sifuri. Utakata mhimili wa I mahali fulani kati ya −0.04 na +0.04 A kutegemea mwelekeo wa koili. Mkato huo ndio uga wa dunia, umejitenga wenyewe. Mteremko haujaguswa, na e/m ni 2 ÷ (k × mteremko)², ambapo k ni 0.000779 T/A. Mwanafunzi anapata vitu viwili kwa jedwali moja la vipimo.

Kwa usalama: volti 300 za umeme wa moja kwa moja zinaua, na kapasita za chanzo hubaki na chaji baada ya kuzima. Waya ziwe zenye ncha zilizofunikwa. Eksirei zisikutishe, kwa volti 300 hakuna kinachoweza kupenya kioo cha tyubu. Lakini usijaribu kuokoa fedha kwa kutumia tyubu ya runinga ya zamani. Hiyo huendeshwa kwa volti elfu 20 na zaidi, ina ombwe kubwa linaloweza kuilipua kwa ndani, na duara halionekani kwa sababu hakuna gesi.

Leza na kioo mezani

Kwa upande huu karibu kila kitu kinaweza kutengenezwa hapahapa isipokuwa kioo cha risasi chenyewe.

Koili: chukua bomba la plastiki la robo tatu inchi, kipande cha sentimita 15, liwekee kingo mbili za mbao. Nunua kwa fundi anayesuka mota waya wa shaba wenye vanishi, unene milimita 1. Suka tabaka 10, kila moja ikiwa na mizunguko 140 hivi, jumla 1,400. Utatumia kama mita 160 za waya, zenye uzito wa kilo moja na kidogo. Ukinzani utakuwa karibu ohmu 3.5. Ukipitisha ampea 2 unahitaji volti 7, na koili inatoa wati 14 za joto. Uga wa wastani juu ya fimbo ya sentimita 10 iliyokaa katikati ni takriban 11.2 mT kwa ampea, hivyo ampea 2 zinakupa 22.4 mT. Hakikisha kwa sensa ya Hall ya SS49E, ya kupimia uga sumaku, inayotoa takriban milivolti 1.4 kwa kila gausi ikilishwa volti 5. Iingize ndani ya bomba uso wake ukitazama upande wa mhimili, na upime kila sentimita moja.

Msomaji mwenye haraka ataruka hatua ya kuhesabu mizunguko. Asiruke. Fundi wa mota anasuka kwa uzito wa waya na kwa mazoea, na tofauti ya tabaka moja ni asilimia 10 ya jibu.

Mpangilio wa mwanga ni huu: leza, polaraiza ya kwanza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu), koili yenye kioo ndani, polaraiza ya pili iliyogeuzwa nyuzi 45 kutoka ya kwanza, kisha fotodayodi, inayogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme. Kwa nini 45 na siyo 90? Kwenye 90 mwanga umezimika, na mabadiliko ya nyuzi mbili hayaonekani sana. Kwenye 45 mteremko wa badiliko la mwanga ndio mkali kuliko pote. Fotodayodi ya BPW34 iungwe moja kwa moja kwenye multimita iliyo kwenye maikroampea. Kwa leza ya miliwati 3 utaona kama 400 µA.

Soma mkondo wa fotodayodi kwa ampea +2 za koili, kisha geuza waya usome kwa −2. Pembe, kwa radiani, ni nusu ya (tofauti ya vipimo viwili ÷ jumla yake). Mfano: 437 µA na 362 µA. Tofauti ni 75, jumla ni 799, uwiano ni 0.0939, nusu yake ni 0.0469, yaani nyuzi 2.7. Gawanya kwa 0.0224 T na kwa 0.1 m, unapata 𝒱 ya 20.9 rad/(T·m). Kabla ya hesabu hiyo, ziba leza kwa karatasi, soma mwanga wa chumba peke yake, uutoe kwenye vipimo vyote viwili.

Kinachoharibika, na kwa nini:

Fimbo ikibanwa kwa nguvu, kioo kinapata mkazo na mwanga unatoka ukiwa umezunguka-zunguka badala ya kutetemeka kwenye mstari mmoja. Dalili yake: ukiweka polaraiza kwenye 90 mwanga hauzimiki vizuri. Ilaze fimbo kwenye vipande viwili vya sponji, isibanwe. Ukitaka kujua hasara, pima mwanga wa juu kabisa na wa chini kabisa huku ukizungusha polaraiza. Kama wa chini ni moja ya hamsini ya wa juu, pembe yako imepungua kwa asilimia 4.

Koili ikipata moto, ukinzani wa shaba unapanda asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi. Ikiongezeka nyuzi 30, mkondo umeshuka zaidi ya asilimia 10 wakati kitasa cha chanzo hakijaguswa. Soma ampea kila mara unaposoma mwanga, na zima koili kati ya vipimo.

Rezista kubwa kwenye fotodayodi inaudanganya mfumo mzima. Aliyeweka kilo-ohmu 10 bila betri ya kuvutia anaona volti zikikwama karibu na 0.4, hata akigeuza koili hakuna badiliko, anahitimisha kuwa mgeuko haupo. Fotodayodi imeshiba tu. Rudi kwenye multimita ya maikroampea.

Polaraiza za bei nafuu zinapatikana kwenye skrini za laptop zilizovunjika, na mafundi wa simu na kompyuta wanazitupa kila wiki. Zinafanya kazi vizuri sana. Miwani ya sinema za 3D iepuke. Nyingi zina tabaka la ziada linalofanya mwanga uzunguke, na mpangilio wako hautazimika kamwe.

Kioo cha risasi kisipopatikana, maji safi kwenye bomba la sentimita 10 lililofungwa kwa vipande vya kioo vya hadubini yanaweza kutumika, ila mgeuko unashuka hadi nyuzi 0.4 kwa mwanga mwekundu. Unapimika kwa njia ya tofauti na jumla, mradi leza imetulia. Kioo cha kawaida kina thamani inayokaribia ya maji, kwa hiyo hakuna faida kukitafuta.

Leza ipi?

Chaguo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, na watu wengi wanachagua kwa jina badala ya tabia.

Heliamu-neoni, 632.8 nm, ndiyo yenye heshima vitabuni. Mwali wake ni mzuri, urefu wa wimbi unajulikana bila shaka. Lakini tyubu nyingi za bei ya chini zina mitetemo miwili iliyokatana kwa pembe mraba, na tyubu inavyopata joto nguvu inahama kutoka mmoja kwenda mwingine. Peke yake huoni kitu. Ukiweka polaraiza mbele, mwanga unapanda na kushuka kama mawimbi kwa dakika nyingi baada ya kuwasha, na vipimo vyako vinazama humo. Ukinunua heliamu-neoni kwa kazi hii, dai iliyoandikwa kuwa mtetemo wake ni wa mstari mmoja. Pia chanzo chake hutoa kilovolti kadhaa, hata kufikia 10, kwa ajili ya kuwashia. Katika mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni karibu kPa 82 badala ya 101 ya pwani, na hewa nyembamba huruhusu cheche kirahisi zaidi. Kebo iliyochakaa kidogo ambayo Tanga ingevumilia, hapa inaweza kurusha cheche.

Dayodi nyekundu ya 650 nm, miliwati 3 hadi 5, ndiyo tunayoipendekeza. Inatumia volti 3 hadi 5, bei yake ni dola chache, na mwanga wake tayari una mtetemo wa mstari mmoja kwa sehemu kubwa. Udhaifu wake ni joto: nguvu hushuka inapopata moto, na urefu wa wimbi husogea kama 0.2 nm kwa kila nyuzi ya selisiasi, mara nyingine kwa kuruka. Ilishe kwa LM317, chipu ya kudhibiti umeme, iliyopangwa kutoa mkondo usiobadilika, ifunge kwenye kipande cha alumini, iwashe robo saa kabla ya kazi. Mwanga unaorudi kutoka uso wa fimbo ukiingia tena kwenye dayodi unaifanya iyumbe. Elekeza fimbo pembeni kidogo hadi doa linalorudi lipite kando ya tundu la leza.

Kijani ya 532 nm inavutia kwa sababu mgeuko unaongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Kwa maabara za hapa tunaikataa, kwa sababu mbili. Ndani yake kuna dayodi ya 808 nm inayosukuma fuwele kutoa 1064 nm, kisha fuwele nyingine inaigeuza kuwa kijani, na mnyororo huo hauvumilii baridi. Asubuhi ya Juni Makete au Njombe, kalamu ya leza ya kijani inatoa mwanga hafifu, unapanda ghafla, unashuka tena. Sababu ya pili ni macho. Kalamu nyingi za bei nafuu hazina kichujio cha kuzuia mwanga wa 808 na 1064 nm, ambao jicho halioni na halifumbi, na nyingi zina nguvu kubwa kuliko lebo inavyosema.

Hata nyekundu ya miliwati 5 isitazamwe moja kwa moja. Weka kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi mwisho wa njia yake, na meza iwe chini au juu ya usawa wa macho ya aliyekaa.

Vikiwekwa bega kwa bega

| | Tyubu ya elektroni | Leza na kioo cha risasi |
|---|---|---|
| Jibu la e/m | ndani ya asilimia 5 kwa uangalifu | pungufu kwa asilimia 10–20, kwa sababu ya kioo |
| Volti za hatari | 300 | hakuna kwa dayodi. kV kwa heliamu-neoni |
| Kinachokufa kwanza | kathodi, haitengenezeki | dayodi, dola chache |
| Cha kuagiza nje | tyubu | fimbo ya kioo |
| Umeme ukikatika katikati | joto la hita linaanza upya | betri inaweza kuendesha leza |
| Giza | linahitajika | kivuli kinatosha |
| Vikundi kwa siku | kimoja kimoja | viwili au vitatu, ukisuka koili za ziada |

Mstari wa umeme unahitaji neno zaidi. Mahali ambapo umeme huyumba, hita ya tyubu ndiyo inayoumia: volti 6.3 ikipanda hadi 8 kathodi inaungua, ikishuka hadi 5 mwali unakatika huku anodi ikiendelea kuvuta. Stabilaiza ni sehemu ya bei ya tyubu, iandike kwenye oda tangu mwanzo. Leza na fotodayodi zinaweza kuishi kwenye betri ya pikipiki ya volti 12, na koili pia, kwa vipimo vifupi. Ampea 2 kwa saa moja ni mzigo mdogo kwa betri nzuri ya Ah 7.

Unyevu nao una upande wake. Tukuyu na Rungwe kwa ujumla, ukungu na mvua vinaleta kuvu kwenye nyuso za vioo. Fimbo na polaraiza zihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na silika jeli, au mchele uliokaangwa kama silika haipo. Asubuhi ya baridi, fimbo iliyotoka stoo ikiingia darasa lenye watu arobaini inapata umande papo hapo, mwanga unasambaa na mtetemo unaharibika. Iweke darasani nusu saa kabla. Kwa tyubu, unyevu unaumiza kitako: mkondo mdogo unavuja kati ya pini za anodi na hita. Kifute kwa spiriti kavu kabla ya kuwasha.

Nani achague kipi

Chuo chenye somo la fizikia ya kisasa, chumba kinachofungika giza, mtaalamu wa maabara wa kudumu na bajeti ya tyubu ya akiba, kinunue seti ya elektroni. Taasisi kama MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga au chuo cha ualimu cha Mkwawa, Iringa, zina aina ya wanafunzi wanaohitaji kuona namba ya kitabu ikitoka mikononi mwao, na grafu ya I dhidi ya √V ÷ r ni zoezi linalotosha wiki nzima la uchambuzi wa makosa.

Sekondari yenye kidato cha tano na sita, vikundi vingi, umeme wa kubahatisha, na mwalimu mmoja anayefundisha pia kemia, ichukue leza na kioo. Fimbo moja ya kioo cha risasi iagizwe, koili mbili zisukwe, moja ya kioo na nyingine ya maji. Swali la jaribio liandikwe upya: badala ya "pima e/m", liwe "pima kigezo cha Verdet, linganisha na Becquerel, eleza pengo". Hapo asilimia 15 inayopungua inakuwa alama za mwanafunzi aliyeelewa.

Wanaofikiria kuruka vyote viwili na kununua kifaa cha Zeeman, cha kuona mistari ya mwanga ikisogezwa na sumaku, wapige hesabu kwanza: mstari wa kadimiamu wa 643.8 nm, ndani ya tesla 1 nzima, unasogea kwa 0.019 nm tu. Utahitaji sumaku nzito na kioo cha Fabry-Perot, cha kutenganisha rangi zinazokaribiana sana, kuuona, na gharama ya hivyo viwili inazidi ya seti zote mbili zilizoelezwa hapa.

Kwa anayepanga kuwa na vyote baadaye, nunua kwanza chanzo cha umeme kizuri cha 0 hadi 3 A chenye mkondo unaodhibitika, kwa sababu koili ya leza na koili za Helmholtz zote zitakula kutoka hapohapo. Na tyubu itakapoagizwa, isisafirishwe kwenye buti ya basi: ije kwenye boksi lake, ndani ya boksi jingine lenye sponji pande zote, mkononi mwa mtu. Ikifika, kabla ya kusaini, itazame kitako dhidi ya mwanga. Kama tyubu ina doa la kifyonza gesi (getter, tabaka la metali ndani ya kioo), nalo limegeuka jeupe kama maziwa badala ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia, hewa imeshaingia na tyubu irudi kwa aliyeiuza.